Kijana Anapotoka Kituoni: Namna Mashirika ya Kata Moja Yanavyoweza Kumpokea kwa Pamoja

Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inamhesabu mtu kuwa mtoto hadi atimize miaka 18. Kwa aliyekulia kwa wazazi wake, siku hiyo hupita kimyakimya. Keshoye anaamka kitanda kilekile na kunywa chai ileile. Kwa aliyelelewa kwenye makao ya watoto, yaani kituoni, mambo hubadilika. Kitanda kinasubiriwa na mtoto mwingine, mfadhili aliyekuwa akilipa ada anaandika kwamba ahadi yake ilikuwa kwa mtoto, na Afisa Ustawi wa Jamii, mwenye mafaili kuliko saa za kazi, analiweka pembeni faili la mtu mzima.

Ukiuliza katika kata yoyote ya Arusha, Moshi au Mwanza utaambiwa misaada ipo. Shirika fulani lina mafunzo ya ujasiriamali, kanisa lina mfuko wa yatima, msikiti unakusanya zaka, halmashauri ina mikopo ya vijana na VETA haiko mbali. Yote ni kweli. Shida ni kwamba kila mmoja anamsubiri kijana mlangoni kwake na fomu yake mkononi, na hakuna anayejua yule aliyefundishwa kutengeneza sabuni wiki iliyopita alilala wapi jana usiku. Kwa hiyo mwongozo huu unapanga kazi kwa kufuata kijana mmoja mmoja, na miradi ya mashirika inakuja nyuma. Umeandikwa kwa kufuata taratibu za Tanzania Bara. Zanzibar ina sheria yake ya mtoto ya mwaka 2011 na ofisi zake.

Hatua ya 1: Jueni ni wangapi

Kabla ya kuitisha kikao cha wadau, nendeni kwa Afisa Ustawi wa Jamii na ombi moja: vijana wa miaka 15 hadi 18 walioko kwenye makao ya watoto na kwa walezi ndani ya kata yenu ni wangapi, na kila mmoja atatimiza miaka 18 mwezi gani? Ombeni idadi na miezi tu. Majina yatakuja baadaye kwa ridhaa yao.

Tunaanzia miaka 15 kwa sababu karatasi za serikali huchukua muda, kama mtakavyoona, na kwa sababu kumtafuta ndugu wa mtoto aliyepotezana na familia kunahitaji safari zaidi ya moja. Kijana akishafika miaka 17 na nusu, mnachofanya ni kuzima moto.

Mkipata idadi kubwa, msiibebe yote. Chukueni wale watakaotoka ndani ya miezi kumi na minane na muanze nao. Mtandao wa mashirika na watu wa kata unaowajua vijana wanane kwa sura una faida kuliko wenye mia mbili kwenye jedwali la ripoti.

Hatua ya 2: Nani akae mezani

Msiunde kamati mpya. Chini ya Mpango Kazi wa Taifa wa Kutokomeza Ukatili Dhidi ya Wanawake na Watoto, yaani MTAKUWWA, kuna Kamati ya Ulinzi wa Wanawake na Watoto kuanzia mtaa na kijiji hadi halmashauri. Katika kata nyingine iko hai, katika nyingine ipo kwenye karatasi tu. Vyovyote iwavyo, ombeni "vijana wanaotoka kwenye malezi" iwe ajenda yake ya kudumu. Mtendaji wa Kata akiona jambo liko ndani ya kamati yake hataliita mradi wa wageni.

Wa lazima ni Afisa Ustawi wa Jamii, Mtendaji wa Kata, msimamizi wa kila kituo kilichopo, mtu wa zahanati au kituo cha afya, na msaidizi wa kisheria. Waongezeni wanaoshika mambo ya kila siku: kiongozi wa VICOBA, mwakilishi wa jumuiya ya kanisa au msikiti, fundi mmoja au wawili wenye wanafunzi, na mwenye nyumba za kupangisha anayeheshimika. Na wawepo vijana wawili waliowahi kutoka kituoni, wawili hasa, maana mmoja peke yake mbele ya wakubwa atakubali kila kinachosemwa. Hao ndio watakaowaambia kwamba semina ya uongozi mliyoipanga haimsaidii mtu ambaye hajui nauli ya kesho itatoka wapi.

Suala la posho limalizwe siku ya kwanza, kwa sauti, mbele ya wote. Shirika moja likilipa posho ya kikao na jingine lisipolipa, mahudhurio yatafuata bahasha. Kaeni ofisi ya kata, saa moja na nusu, mara moja kwa mwezi, chai kwa zamu. Atakayeacha kuja kwa sababu hiyo mtakuwa mmemjua mapema.

Kisha andikeni hati ya makubaliano ya ukurasa mmoja. Kila mwanachama aandike jambo moja atakaloweza kulifanya hata mfadhili wake akiondoka. "Tutalipia nauli za kufuatilia vyeti." "Tutatoa chumba cha dharura kwa wiki mbili." "Gereji yangu itachukua vijana wawili kwa mwaka." Shirika likiandika "tutawajengea vijana uwezo", lirudishiwe karatasi liandike upya.

Hatua ya 3: Kila kijana awe na mtu wake

Mpangeni mtu mzima mmoja kwa kila kijana. Wengine humwita mlezi wa hiari. Si lazima awe mtumishi wa shirika, na mara nyingi ni afadhali asiwe, kwa kuwa watumishi huhama. Kazi yake ni kupokea simu, kujua kijana amelala wapi, na kuja na taarifa mezani kila mwezi. Hapewi fedha za kijana kuzishika.

Kijana ndiye achague, kati ya majina mawili au matatu. Kila anayependekezwa apitishwe na Ustawi wa Jamii, aulizwe anakoishi, na awe na wadhamini wawili wanaofahamika. Mwanamume asiyefahamika vizuri asipewe binti wa miaka 17 kwa sababu tu anatoa sadaka nyingi. Kuna utaratibu mwingine mbovu unaopita kwa jina la msaada: binti anapofikisha miaka 18 "anatafutiwa familia nzuri", kumbe amepelekwa kuwa dada wa kazi bila mkataba wala siku ya kupumzika. Mezani kwenu hilo lihesabiwe kuwa ajira, lenye mshahara na makubaliano ya maandishi, au lisifanyike kabisa.

Taarifa zake zina sheria pia. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inataka ridhaa na sababu ya kukusanya taarifa za mtu. Kwa hiyo kila kijana asaini, kwa lugha anayoielewa, nani ataona nini. Kwenye kundi la WhatsApp la mtandao andikeni miadi na mahitaji tu, bila majina, picha wala magonjwa. Hali ya afya ya kijana anaijua yeye, kliniki yake, na mtu aliyemchagua mwenyewe.

Hatua ya 4: Karatasi, kwa mpangilio huu

Hapa ndipo mtandao unapoonyesha faida yake haraka zaidi, kwa sababu karatasi moja huizuia nyingine na hakuna shirika moja lenye funguo zote. Fuateni mpangilio: cheti cha kuzaliwa, majina ya shule, kitambulisho cha taifa cha NIDA, laini ya simu, kisha akaunti.

Cheti cha kuzaliwa hutolewa na RITA, Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini. Kampeni ya kuwasajili watoto kwenye ofisi za kata na vituo vya afya iliwalenga walio chini ya miaka mitano, hivyo wengi walio na miaka 16 leo walikuwa wakubwa ilipofika kwao. Usajili wa aliyechelewa huhitaji ushahidi: kadi ya kliniki, cheti cha ubatizo, cheti cha shule ya msingi, barua ya mtendaji, na kwa aliyepelekwa kituoni, nyaraka za Ustawi wa Jamii au amri ya mahakama. Vingi vya hivyo viko kwenye faili la kituo, kabatini. Msimamizi wa kituo na Afisa Ustawi walifungue faili hilo pamoja, waorodheshe kilichopo na kinachokosekana. Asubuhi moja ya namna hiyo huokoa miezi.

Kuweni makini na tarehe. Mtoto aliyeokotwa au kuletwa na polisi hukadiriwa umri, na si ajabu kukuta faili linasema mwaka mmoja na shule inasema mwingine. Namba ya NIDA ina tarakimu 20, na nane za kwanza ni mwaka, mwezi na siku ya kuzaliwa. Tarehe yenye makosa ikiingia humo, imeingia ndani ya namba yenyewe, na kila atakapoitaja ataitaja na kosa lake. Kaeni na kijana, mkubaliane tarehe moja inayoungwa mkono na ushahidi, muirekebishe kote kabla hajakwenda kuchukuliwa alama za vidole.

Majina nayo ni vivyo hivyo. Wapo watoto wanaotumia ubini wa mwanzilishi wa kituo shuleni huku cheti cha ubatizo kikiwa na jina la baba. Muulizeni kijana anataka kuitwa nani, kisha lirekebishwe kabla ya usajili wa mtihani wa kidato cha nne, kwa sababu baada ya cheti cha NECTA kutoka utakuwa unasafiri na viapo mahakamani.

NIDA kwa kawaida huandikisha kuanzia miaka 18. Fomu hugongwa mhuri na serikali ya mtaa au kijiji, na mwombaji huulizwa habari za wazazi wake. Asiye na wazazi aende na mtu anayeweza kumweleza, akiwa na barua ya kituo na ya Ustawi wa Jamii. Katika mikoa ya mpakani kama Kigoma na Kagera maswali ya uraia huwa mengi, hivyo msaidizi wa kisheria aende naye. Mwambieni mtendaji mwezi mmoja kabla kwamba kijana fulani atakuja; mtendaji aliyemwona kwenye kikao cha kata hatamwambia "mlete baba yako".

Bila namba ya NIDA hasajili laini kwa jina lake, na bila laini yake hana pochi ya M-Pesa wala Airtel Money. Atapokea mshahara wake wa kwanza kupitia simu ya mtu mwingine. Mnajua mwisho wake.

Hatua ya 5: Ulizeni kuhusu mirathi

Vituo vingi havigusi jambo hili. Mtoto akifiwa na wazazi huenda kituoni. Shamba na nyumba hubaki kijijini kwa baba mdogo. Miaka kumi na mitatu baadaye hakuna anayemwambia kijana kwamba kulikuwa na kitu, na yeye haoni sababu ya kuuliza.

Kila faili liwe na maswali haya: wazazi walikufa lini na wapi, walikuwa na nini, nani alisimamia mirathi, na je, ilifunguliwa mahakamani? Kama hapana, mara nyingi mahali pa kuanzia ni Mahakama ya Mwanzo ya eneo alikoishi marehemu. RITA pia, kupitia Kabidhi Wasii, hushughulika na mali za marehemu. Msaada wa kisheria wa bure unatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, na wasaidizi wa kisheria wako kwenye wilaya nyingi.

Nendeni kwa busara. Kijana akifika kijijini na barua ya wakili mkononi kabla ya kusalimia wazee, atapata shamba na kupoteza ukoo, na pengine alichohitaji zaidi ni ukoo. Afisa Ustawi na mtu wake watangulie, wazungumze na mwenyekiti wa kijiji, waone kama ndugu wako tayari kumpokea. Mahakama ifuate ikishindikana.

Hatua ya 6: Chumba, na mwezi wa saba

Kwa mtazamo wangu, mtandao ukiweza jambo moja tu mwaka mzima, liwe hili. Wenye nyumba wengi mijini hutaka kodi ya miezi sita au mwaka kwa mpigo. Chukueni mfano wa chumba cha shilingi 40,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 240,000. Dalali anataka kodi ya mwezi mmoja, 40,000 nyingine. Hapo kijana hana godoro, jiko, ndoo wala sufuria, na kazi ya ufundi aliyoanza inamlipa kwa siku alizoitwa.

Mashirika hujitokeza kwa wingi kulipa ile 240,000 ya kwanza. Picha hupigwa na funguo hukabidhiwa. Kisha unafika mwezi wa saba, mwenye nyumba anagonga mlango anataka miezi sita mingine, na hapo ndipo wengi wanapoondoka usiku na begi.

Kwa hiyo anzisheni mfuko mmoja wa kodi wa mtandao wote, ushikwe na VICOBA au SACCOS yenye hesabu zinazoonekana, na si akaunti ya shirika lolote. Mfuko unamlipa mwenye nyumba moja kwa moja, kwa risiti, lakini mkataba unaandikwa kwa jina la kijana, mbele ya mjumbe au mwenyekiti wa mtaa. Tangu mwezi wa kwanza, kijana anaweka akiba ya kodi kila wiki kwenye kikundi. Kwa mfano wetu, kama 10,000 kwa wiki inatosha kuikuta 240,000 mwezi wa sita ukiisha. Akishindwa wiki mbili mfululizo, mtu wake ajue wiki hiyohiyo. Wawili wakipanga pamoja mzigo unagawanyika, ila wachaguane wenyewe.

Yule mwenye nyumba mliyemkaribisha mezani sasa ana kazi: awaombe wenzake wakubali miezi mitatu mitatu, mtandao ukiwa mdhamini. Baadhi watakubali, kwa sababu wanachoogopa hasa ni mpangaji asiye na ndugu wa kumfuata.

Kabla ya kulipa, mtu aende kukiona chumba usiku. Kwa binti angalieni komeo la mlango, bafu na choo viko wapi, na taa ya uani inawaka au haiwaki. Ulizeni na habari za LUKU. Nyumba yenye mita moja kwa wapangaji sita ina ugomvi wake: nani ana friji, nani anapiga pasi kila asubuhi, nani huwa hayupo siku ya kuchanga. Kijana wa kituoni hajawahi kununua umeme, na mgogoro wake wa kwanza na majirani mara nyingi huwa huo.

Ndiyo maana mazoezi yaanze akiwa bado kituoni. Miezi sita kabla ya kutoka apewe hela ya chakula ya wiki, aende sokoni, apike mwenyewe, na zikiisha Alhamisi aone Ijumaa ikoje huku jiko la kituo likiwa bado karibu.

Hatua ya 7: Ujuzi na kipato

Kozi ndefu za VETA huanza Januari na fomu hutoka miezi kadhaa kabla. Kijana anayemaliza kidato cha nne Novemba akianza kuuliza Desemba amechelewa. Vyuo vya Maendeleo ya Wananchi, ambavyo vya serikali ni 54, husahaulika ingawa vingi vina bweni. Baadhi hupokea mabinti waliokatishwa masomo, na vipo vyenye sehemu ya kulelea watoto wao. Na tangu mwisho wa mwaka 2021 binti aliyeacha shule kwa sababu ya ujauzito anaruhusiwa kurudi katika mfumo rasmi. Msimwandikie cherehani kabla ya kumuuliza kama anataka darasa.

Aliyejifunza gereji au saluni bila cheti anaweza kupimwa na VETA kupitia utaratibu wa kurasimisha ujuzi. Kwa wanaokwenda kwa fundi wa mtaani, andikeni makubaliano mafupi: muda, atakachofundishwa, hela ya nauli na chakula, na siku ya kukagua. Sanduku la vifaa lisitolewe siku ya mahafali. Likabidhiwe baada ya miezi kadhaa ya kufanya kazi, kidogo kidogo. Sanduku jipya mikononi mwa kijana asiye na kodi litauzwa, na mimi nisingemlaumu.

Mikopo ya halmashauri hutokana na asilimia 10 ya mapato yake ya ndani: nne kwa wanawake, nne kwa vijana, mbili kwa watu wenye ulemavu. Haina riba na hutolewa kwa vikundi. Ni nzuri, lakini msiwaingize vijana waliotoka mwezi uliopita, kwani deni la kikundi humfuata hata ambaye hakula hela. Wasubiri wawe na kipato kinachoonekana. Waonyeni pia kuhusu kausha damu, ile mikopo ya mtaani yenye riba kubwa, na mikopo ya kwenye simu; Novemba 2024 Benki Kuu ilitoa orodha ya programu 69 zilizokuwa zikikopesha bila leseni, na nyingine huzaliwa kila siku.

Hatua ya 8: Afya

Kwa anayetumia dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, hatari iko kwenye kuhama. Kituoni mlezi ndiye aliyekuwa akienda CTC, yaani kliniki ya tiba na matunzo, kuchukua dawa. Miezi sita kabla ya kutoka kijana aanze kwenda mwenyewe, ajue jina la dawa na tarehe ya kurudi, na akihamia wilaya nyingine aondoke na barua ya uhamisho na dawa za kutosha. Utaratibu huohuo ni kwa mwenye kifafa au selimundu. Wote wapate huduma rafiki kwa vijana, ikiwemo uzazi wa mpango, bila mahubiri.

Hatua ya 9: Mwaka wa kwanza

Mtu wake ampigie wiki ya kwanza kila siku mbili, amtembelee mwezi wa kwanza, wa tatu, wa sita na wa kumi na mbili, na asipange kuonana naye ofisini tu. Sikukuu zihesabiwe: Idi na Krismasi awe na mahali pa kula, maana siku hizo ndipo mtu anapoonekana hana kwao. Namba 116 ya Simu ya Mtoto ni ya bure kwa walio bado chini ya miaka 18, na Dawati la Jinsia na Watoto polisi lipo kwa ukatili wa umri wowote.

Wengine watarudi. Amefukuzwa kazi, ana mimba, au amekamatwa kwa uzururaji. Kile chumba cha dharura cha wiki mbili ni kwa ajili yake, na haulizwi kwanza fedha za mtandao zilikwendaje. Akishalala na kula, mtu wake akae naye na waanze tena kutoka hatua iliyovunjika, sio kutoka mwanzo.

Shirika likijitoa

Litoe taarifa miezi mitatu kabla, mezani. Jambo lake kwenye hati lipewe mwingine kwa jina, na kijana aliyekuwa na mtu wake kutoka shirika hilo akutanishwe na mtu mpya uso kwa uso, wa zamani akiwepo. Faili liende kwa Afisa Ustawi wa Jamii. Vyeti halisi, mkataba wa chumba na kadi ya kliniki anakaa navyo kijana mwenyewe. Ofisi zibaki na nakala.